Nimelipa kabla ya tarehe, nikapigwa faini ya kuchelewa mara 3. Nilivyoipinga mwanzo mwisho

MletaUzi
Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, najua humu kuna watu wako kwenye shimo hilihili ila hawajajua bado, kama mimi nilivyokuwa sijui miezi mitatu nzima.

Nina akaunti ya mkopo wa manunuzi, zile unachukua bidhaa leo unalipa kidogokidogo kila mwezi. Mwisho wa rejesho langu ni tarehe 21. Sijawahi kuruka mwezi. Sasa mwezi mmoja tarehe 21 ikaangukia Jumamosi, mimi nikalipa Ijumaa tarehe 20 saa 1:42 usiku, hela ikatoka benki hapohapo, meseji ninayo na namba ya muamala ninayo. Nikalala na amani yangu.

Kumbe kwao hela imesomeka Jumatatu tarehe 23. Nikaandikiwa faini ya kuchelewa. Mimi sikuiona maana stetimenti inakuja kwenye barua pepe, mara nyingi nilikuwa naangalia tu kama rejesho limeonekana, naona limeonekana, nafunga. Na mwezi uliofuata nikaweka malipo yakatwe yenyewe benki kila tarehe 18, kiasi kilekile cha rejesho, nikajua nimemaliza mchezo.

Mwezi wa nne napokea meseji ya watu wa kukusanya madeni, nina malimbikizo. Mimi! Mtu ninayelipa siku tatu kabla! Aisee nilitetemeka, nikafungua stetimenti zote nikaziweka mezani nikachukua kalamu.

Hela halisi siziweki hapa, ila tuseme rejesho ni 100 na faini ni 10. Angalieni:

Mwezi wa 1: nimelipa 100, wamesema nimechelewa, faini 10.
Mwezi wa 2: nimelipa 100 mapema kabisa. Wamekata 10 ya faini KWANZA, rejesho limebaki 90. Limepungua 10, kwa hiyo "hujakamilisha rejesho", faini nyingine 10.
Mwezi wa 3: nimelipa 100. Wamekata 10 ya faini, wamekata 10 ya upungufu wa nyuma, rejesho limebaki 80. Faini nyingine 10.

Mmeona? Kila mwezi nalipa kamili na mapema, na kila mwezi naandikwa nimechelewa, na shimo linazidi. Ningekaa kimya mwaka mzima ningekuwa naonekana mdaiwa sugu kwa sababu ya wikiendi moja.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Yule dada alikuwa mpole sana, akaniambia "tumeangalia historia yako ni nzuri, tunaweza kukusamehe faini moja". Nikamwambia naomba nifikirie. Ndo nimekuja huku, nipokee huo msamaha au?

Zamu_ya_Usiku
Mkuu USIPOKEE kwanza. Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la simu la kampuni ya namna hiyo, nikueleze kinachotokea upande wa pili.

Kwenye skrini ya yule dada kuna njia mbili za kuondoa faini. Moja ni ya hisani. Hiyo anaibonyeza mwenyewe palepale, haiulizi kitu, inarudisha hela ya faini tu. Rekodi inabaki "malipo yalichelewa, faini imesamehewa". Ya pili ni marekebisho ya kosa, hiyo yeye hana mamlaka nayo, inabidi afungue lalamiko liende idara nyingine, mtu akae achunguze tarehe ya muamala. Hiyo ndo inabadilisha tarehe yenyewe, na tarehe ikibadilika kila kitu kilichojengwa juu yake kinaanguka, faini zote, riba iliyohesabiwa juu ya hizo faini, na alama ya kuchelewa kwenye taarifa zako za mikopo, zile wakopeshaji wengine wanaziangalia ukiomba mkopo.

Sasa dada wa simu anapimwa kwa muda anaotumia kwa kila simu. Hisani ni dakika moja, lalamiko ni dakika ishirini za kujaza fomu. Kwa hiyo atakupa hisani, na anakupa kwa roho safi kabisa, anaona amekusaidia. Na sehemu nyingi hisani ni mara moja ndani ya kipindi fulani, ukishaitumia leo siku ukichelewa kweli huna tena.

Kwa kesi yako ukipokea msamaha wa faini moja unabaki na faini mbili, na umekubali kwamba ulichelewa.

MletaUzi
Duh. Hapo kwenye "umekubali" ndo pameniuma. Maana kweli nilikuwa nakaribia kusema asante.

mama_mapacha
Samahani kaka naomba kuuliza, lakini hela si iliingia Jumatatu kweli? Sasa hapo kosa lao liko wapi, si wanaweza kusema mkataba unasema tarehe ya kupokea?

MletaUzi
Dada swali zuri, na ndo swali walilonipiga nalo wao pia. Nikaenda kusoma mkataba, ile hati ndefu ya maandishi madogo ambayo wote tunabonyeza "nimekubali". Kuna kipengele kinasema malipo ya benki kwa njia ya mtandao yakifanyika kabla ya saa 2 usiku siku ya kazi yanahesabiwa siku hiyohiyo. Ijumaa ni siku ya kazi. Saa 1:42 ni kabla ya saa 2. Dakika 18 wakuu! Karatasi yao wenyewe inaniokoa.

Kwa hiyo dada yangu, yako inaweza ikawa tofauti na yangu. Tafuta maneno matatu kwenye mkataba wako: malipo yanahesabiwa lini (yakitumwa au yakipokelewa), saa ya mwisho ya siku, na ikiwa tarehe imeangukia siku ya mapumziko inakuwaje.

Kalamu_Nyekundu
Naongezea kidogo kwa wale walioko nje ya nchi zao maana hizi akaunti ziko kila mahali.

Kwa walioko Marekani hiki kitu cha faini kuzaa faini kimekatazwa zamani sana, Tume ya Biashara ya huko, FTC, ina kanuni iliyoanza kutumika 1985. Kwamba kama mtu amelipa rejesho la mwezi huu kamili na kwa wakati, huwezi kumpiga faini ya kuchelewa kwa sababu tu ile faini ya nyuma haijalipwa. Ni kesi ya mleta uzi neno kwa neno. Halafu kwa kadi za mkopo, sheria ya 2009 inataka stetimenti itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho, tarehe ya kulipa iwe ileile kila mwezi, na malipo yaliyofika kabla ya saa 11 jioni ya siku ya mwisho hayahesabiwi yamechelewa. Na faini haitakiwi kuzidi kile kiwango cha chini ulichotakiwa kulipa.

Kwenye kupinga, huko una siku 60 tangu stetimenti ya kwanza yenye kosa itumwe, na upinge KWA MAANDISHI. Sheria ni ya 1974. Wakishaipata barua wana siku 30 za kukujibu kwamba wameipokea na lazima wamalize ndani ya mizunguko miwili ya stetimenti, isizidi siku 90. Ukipiga simu tu ulinzi huo hujauwasha, watu wengi wanapotea hapo.

Uingereza ni tofauti. Unalalamika kwa kampuni kwanza, wana wiki 8 kukupa jibu la mwisho, wasipokupa au usiporidhika unaenda Financial Ombudsman Service, chombo cha huko cha kusuluhisha malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni za fedha, bure kabisa, ila ukishapata jibu la mwisho una miezi 6 tu.

Kwingine tafuta nani anasimamia wakopeshaji, mara nyingi ni benki kuu au tume ya ushindani na haki za walaji. Ila karibu kote utaulizwa jambo moja, je, ulilalamika kwa kampuni yenyewe kwanza na ushahidi uko wapi.

jembe_la_mkono
Mi ushauri wangu gomea kulipa mpaka wafute. Wakiona hela haiji watakutafuta wenyewe.

Mvua_za_Mwanzo
Ndugu yangu naomba usimpe mtu ushauri huo, mimi nilifanya hivyo na mpaka leo naujutia. Faini yangu ilikuwa ya kuonewa kabisa, nikasema silipi senti mpaka waiondoe. Miezi mitatu baadae faini wakaja kuiondoa kweli, walikubali kosa. Lakini ile miezi mitatu niliyogoma ilikuwa ni uchelewaji wangu wa halali, hiyo hakuna wa kuifuta. Nimeenda kuomba mkopo sehemu nyingine nimekataliwa kwa hiyo miezi mitatu, sio kwa ile faini.

Lipa unachodaiwa kweli, bishania kile cha uongo tu.

Zamu_ya_Usiku
Nakazia hapo. Na ukilipa andika kwenye maelezo ya malipo "rejesho la mwezi fulani", na kwenye barua sema wazi kwamba sehemu unayopinga hujaikubali kwa kuilipa. Sisi tulikuwa tunapokea watu wenye hasira wamesimamisha kila kitu, na mfumo hauna sehemu ya kuandika "amegoma kwa haki", unasoma tu hajalipa.

MletaUzi
Basi wakuu nimeandika barua. Naiweka hapa kama nilivyoituma, nimetoa namba tu, anayetaka aichukue:

"Napinga ada tatu za kuchelewa zilizowekwa kwenye akaunti yangu, tarehe zake nimeziorodhesha chini. Ada ya kwanza imewekwa kwa kudai nililipa tarehe 23. Nililipa Ijumaa tarehe 20 saa 1:42 usiku, uthibitisho wa benki na namba ya muamala nimeambatanisha. Mkataba wenu, kipengele nilichokitaja, unasema malipo ya kabla ya saa 2 usiku siku ya kazi yanahesabiwa siku hiyo. Ada ya pili na ya tatu zimetokana na nyinyi kukata ada ya kwanza kutoka kwenye marejesho niliyolipa kamili na mapema. Naomba: moja, mrekebishe tarehe ya malipo isomeke tarehe 20. Mbili, mfute ada zote tatu kama kosa, sio kama msamaha. Tatu, mrudishe riba iliyotozwa juu ya ada hizo. Nne, mrekebishe taarifa mliyopeleka kwenye taasisi za taarifa za mikopo na mnithibitishie kwa maandishi. Tano, mnitumie historia kamili ya akaunti ikionyesha kila malipo yangu yamegawanywa vipi. Ninaendelea kulipa rejesho langu kama kawaida, na kulipa huko hakumaanishi nimezikubali ada hizi."

Nimeituma kwa barua pepe na pia kwenye sehemu ya malalamiko ya apu yao, nikachukua skrinishoti ya ile "lalamiko lako limepokelewa" yenye namba. Kwenye chat sikuandika kitu maana zile chat ukifunga zinapotea.

Kalamu_Nyekundu
Barua imekaa. Namba tano ndo moyo wake, wengi hawaiombi. Stetimenti inakuonyesha ulilipa 100, haikuonyeshi ile 100 imekatwakatwa vipi. Historia ya mgawanyo ndo inaonyesha faini ilitangulia mbele ya rejesho.

dirisha_dogo
Wakuu na mimi je, mimi nilichelewa kweli, siku nne, nilikuwa hospitali na mtoto. Sina cha kupinga ila faini imeniumiza. Niandike barua kama hiyo?

Zamu_ya_Usiku
Pole sana dada, mtoto anaendeleaje? Kwako wewe ile hisani ndo mahali pake. Usiandike barua ya kupinga, usitunge sababu kwamba mtandao ulisumbua, wakiangalia wataona na neno lako litashuka. Piga simu, sema ukweli kama ulivyosema hapa, nilichelewa siku nne kwa sababu hii, nimeshalipa, nimekuwa mteja muda fulani bila kuchelewa, naomba mnifutie. Nimebonyeza hiyo hisani mara nyingi mno kwa watu waliosema ukweli kwa upole. Na kwa siku nne, sehemu nyingi kuchelewa hakupelekwi kwenye taarifa za mikopo mpaka kupite siku 30, kwa hiyo hapo usiogope sana, ila waulize wakuthibitishie.

dirisha_dogo
Anaendelea vizuri namshukuru Mungu. Asante sana, nitapiga kesho.

MletaUzi
Hiyo ya siku 30 ndo imeniumiza mimi. Uchelewaji wa wikiendi moja usingenifikisha huko kamwe. Ila kwa sababu kila upungufu ulizibwa kwa kula rejesho la mwezi uliofuata, deni likaburuzwa mwezi hadi mwezi, mfumo ukahesabu nina deni la nyuma zaidi ya siku 30, ukaripoti wenyewe.

Nahodha_Mzee
Kuna jambo halijaguswa na linaumiza kuliko faini. Kama akaunti yako iko kwenye ofa ya miezi kadhaa bila riba, kasome sharti lake. Baadhi ya hizo ofa riba haijaondolewa, imewekwa pembeni tu inahesabiwa kimyakimya tangu siku uliyonunua, na usipomaliza deni lote mpaka mwisho wa ofa wanaidondosha yote kwa mpigo, hata kama umebakiza kidogo tu. Na baadhi ya mikataba inasema ukichelewa malipo ofa inakufa. Binti yangu alikuwa anagombania faini, kumbe ile faini imeshaua ofa na riba ya miezi mingi imeshaingia kwenye salio, yeye anaangalia mstari wa faini tu. Mleta uzi angalia na hilo.

MletaUzi
Mzee wangu shikamoo, na asante. Yangu haina ofa ila nimeona niliache hili hapa wazi kila mtu alione, anayepinga faini aangalie na riba ya mwezi ule kama imebadilika.

MletaUzi
MREJESHO WA KWANZA, siku ya 12. Wamejibu. "Kama ishara ya kuthamini uhusiano wetu tumeondoa ada zote tatu." Nikafurahi nusu dakika, nikarudia kusoma. Hamna neno kuhusu tarehe. Hamna neno kuhusu taarifa za mikopo. Historia niliyoomba hawajatuma. Ni ileile hisani ya mkuu Zamu_ya_Usiku ila safari hii wamenipa mara tatu.

Nimewajibu kwa kifupi: nashukuru ada zimeondolewa, lakini lalamiko langu namba 1, 3, 4 na 5 halijajibiwa, naomba lisifungwe, na nisipopata jibu nitalipeleka kwa msimamizi wenu nikiambatanisha barua hizi zote.

Wakuu nawaambia kweli hapa ndo pagumu kuliko mwanzo, maana hela imerudi, mwili unataka kupumzika, hata mke wangu kaniambia si yameisha? Hayajaisha, bado nimeandikwa mahali kwamba sikulipa, na nililipa.

mama_mapacha
Kaka endelea, tuko na wewe. Mimi nimeshafungua stetimenti zangu za mwaka mzima tangu nisome huu uzi, nimekuta faini mbili sikuwa nazijua.

MletaUzi
Dada usizipinge kabla hujapanga kitu hiki: chukua karatasi, chora safu tatu, tarehe hela ilipotoka benki, tarehe waliyoandika wao, tarehe ya mwisho. Mwezi kwa mwezi. Ukimaliza hiyo utajua faini ipi ni yako ya halali na ipi sio, na ukiongea nao hutatetereka.

MletaUzi
MREJESHO WA PILI, siku ya 31. Historia ya mgawanyo imekuja, kurasa nne. Mstari wa mwezi wa pili unasomeka hivi: malipo 100, ada ya nyuma 10, rejesho 90, hali: pungufu. Ni hesabu niliyoichora mezani kwangu na kalamu, sasa iko kwenye karatasi yenye nembo yao. Barua iliyoambatana nayo inakubali kwamba malipo ya tarehe 20 yalipaswa kusomeka tarehe 20, tarehe imerekebishwa, riba imerudishwa, na wametuma marekebisho kwenye taasisi za taarifa za mikopo.

Ile riba ni kidogo mno. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Kalamu_Nyekundu
Hongera mkuu. Usiamini neno "tumetuma". Subiri wiki kadhaa uombe ripoti yako mwenyewe uone, na kama kuna taasisi zaidi ya moja omba kwa zote, mara nyingi moja inasahaulika.

MletaUzi
MREJESHO WA TATU. Mkuu Kalamu_Nyekundu alisema kweli. Ripoti ya kwanza safi. Ya pili bado ilikuwa na alama ya kuchelewa, nikawatumia ileile barua ya kukubali kosa moja kwa moja kwa taasisi yenyewe, siku 16 wakanijibu. Leo asubuhi nimeifungua kabla sijanywa hata chai. Miezi yote mitatu inasomeka: amelipa kwa wakati.

dirisha_dogo
Na mimi nilete wangu, nilipiga, nikasema ukweli, wamenifutia. Aliyepokea simu aliniuliza mtoto anaendeleaje kabla ya kuuliza namba ya akaunti.

jembe_la_mkono
Nimesoma uzi wote. Ushauri wangu wa kule juu naufuta wakuu, Mvua_za_Mwanzo asante. Mleta uzi swali moja, yale makato ya benki umeacha kiasi kilekile?

MletaUzi
Hapana mkuu. Nimebaki na tarehe 18, ila badala ya kiasi nilichokiandika mimi, nimeruhusu wakate kiwango kilichoandikwa kwenye stetimenti ya mwezi husika, ili kikizidi hata kidogo rejesho lisipungue. Na stetimenti ikiingia sasa hivi naisoma mpaka mstari wa mwisho, siku hiyohiyo.